Maisha ya Mwandishi wa Shamba la Wanyama

Ukiitazama nakala yako ya Shamba la Wanyama utakutana na majina mawili. Moja ni la Fortunatus Kawegere, aliyeitafsiri riwaya hii kwa Kiswahili. Tafsiri yake ilitolewa jijini Nairobi na East African Publishing House mwaka wa 1967, miaka minne baada ya Kenya kupata uhuru. Jina la pili ni George Orwell, na hilo si jina alilopewa na wazazi wake. Wao walimwita Eric Arthur Blair.

Usiiruke sehemu hii ukidhani kwamba maisha ya mwandishi hayana uzito katika mtihani. Wanafunzi wengi huandika kuwa riwaya hii inahusu mapinduzi ya Urusi, kisha hunyamaza. Jibu hilo ni sahihi, ila ni nusu ya jibu. Halielezi kwa nini udhalimu katika shamba lile unaanzia kwenye ndoo za maziwa na matofaa yaliyoanguka chini ya miti. Halielezi kwa nini kuku wanagoma kwa sababu ya mayai. Mtu anayeijua Urusi tu hawezi kuandika hivyo. Inabidi awe amekama mbuzi na kuokota mayai kwa mikono yake mwenyewe, na Orwell alifanya yote mawili.

Alizaliwa tarehe 25 Juni 1903 huko Motihari, Bengal, nchini India, wakati nchi hiyo ilikuwa chini ya utawala wa Waingereza. Baba yake, Richard Blair, alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni katika Idara ya Afyuni, iliyosimamia kilimo na biashara ya dawa hiyo ya kulevya. Sehemu kubwa ya afyuni hiyo iliuzwa Uchina. Mama yake, Ida, alikuwa na asili ya Kifaransa na alikulia Burma, nchi ambayo leo huitwa Myanmar. Eric alipokuwa na umri wa mwaka mmoja hivi, mama yake alimpeleka Uingereza pamoja na dada yake mkubwa, wakaishi Henley, mji ulio kando ya mto Thames. Baba alibaki kazini India kwa miaka mingi, hivyo mtoto alikua bila kumzoea. Kumbuka jambo hili: chakula cha familia hii kilitoka koloni. Baadaye Orwell alilijua hilo vyema, na lilimsumbua.

Familia yake haikuwa maskini, lakini haikuwa na fedha za kulingana na hadhi iliyojipa. Eric alipelekwa katika shule ya bweni huko Eastbourne kwa karo iliyopunguzwa, kwa sababu walimu walitarajia kwamba angeshinda nafasi katika shule kubwa na kuiletea shule yao sifa. Wenzake wengi walikuwa watoto wa matajiri. Aliandika baadaye kwamba alikumbushwa mara kwa mara kuwa yeye anasomeshwa kwa hisani. Huenda alitia chumvi, maana wapo waliosoma naye ambao hawakuikumbuka shule hiyo hivyo, lakini ukweli wa hisia zake hauna shaka. Alijifunza mapema kwamba pahali ambapo wote wanaambiwa wako sawa, wengine huwa na usawa mkubwa zaidi. Mwaka wa 1917 alijiunga na Eton, shule maarufu kuliko zote nchini humo, kwa ufadhili wa masomo. Huko hakujitahidi sana darasani. Alisoma alichokitaka.

Na alichokitaka ni kipi? Hapa ndipo tunapokutana na waliomjenga.

Wa kwanza ni Jonathan Swift, mwandishi wa karne ya 18 aliyeandika safari za Gulliver. Eric alikuwa anatimiza miaka minane. Kitabu hicho kilikuwa kimenunuliwa kiwe zawadi yake ya siku ya kuzaliwa, naye akakiona usiku wa kuamkia siku hiyo, akakisoma kwa siri kabla ya kukabidhiwa. Hakuacha kukisoma tena na tena maisha yake yote. Katika sehemu ya mwisho ya kitabu hicho, Gulliver anafika nchi ambamo farasi ndio wenye akili na wanaotawala, nao watu ni viumbe wachafu wasio na adabu. Unaona mbegu hiyo? Swift alimfunza Orwell kwamba mnyama anayesema anaweza kubeba tashtiti kali kuliko hotuba yoyote ya kisiasa. Hata hivyo, mwaka wa 1946 Orwell aliandika makala ndefu akieleza kwamba hakubaliani na Swift kuhusu siasa karibu katika kila jambo, na bado anampenda kama mwandishi. Ukiulizwa kuhusu athari ya mwandishi mmoja kwa mwingine, usidhani kwamba aliyeathiriwa lazima akubali kila kitu.

Kitabu kingine cha utotoni kinaweza kukuchekesha. Beatrix Potter aliandika hadithi za watoto zenye wanyama waliovaa nguo, na mojawapo, ya mwaka wa 1913, inahusu mwananguruwe anayesafiri kwenda sokoni. Eric aliipenda sana na kumsomea rafiki yake wa utotoni, Jacintha Buddicom, ingawa wote wawili walikuwa wakubwa kuliko wasomaji iliyokusudiwa. Nguruwe anayevaa koti na kutembea kwa miguu miwili! Huyo utamkuta tena katika sura ya mwisho ya riwaya yako, safari hii akiwa ameshika mjeledi.

Walikuwapo wengine. H. G. Wells alimfanya kijana huyo aote kuhusu dunia ya baadaye. Charles Dickens alimvutia kwa jinsi anavyowatazama wanyonge, na kwa wingi wa vitu vidogo anavyovitaja ambavyo hadithi haivihitaji lakini huipa uhai. Somerset Maugham alimfunza kusimulia kisa moja kwa moja, bila mapambo. Huyo wa mwisho ndiye Orwell mwenyewe aliyesema amemwathiri zaidi miongoni mwa waandishi wa wakati wake, na ukisoma sentensi fupi za Shamba la Wanyama utaelewa.

Alipomaliza Eton hakwenda chuo kikuu. Mwaka wa 1922, akiwa na miaka 19, alisafiri kwenda Burma kuwa afisa wa polisi wa kikoloni. Alikaa huko miaka mitano. Alijifunza lugha ya wenyeji, akasimamia vituo, na akaona jela, viboko na watu wakinyongwa. Kazi yake ilikuwa kulinda utawala ambao kila siku alizidi kuuona kuwa ni wizi. Mwaka wa 1927 alirudi Uingereza kwa likizo, akaamua kutorudi kazini. Aliwaambia wazazi wake kwamba anataka kuwa mwandishi, na bila shaka unaweza kukisia jinsi baba aliyetumikia koloni maisha yake yote alivyoipokea habari hiyo. Kutokana na miaka hiyo tuna riwaya yake kuhusu Burma, iliyotoka 1934, na insha mbili zinazosomwa hadi leo: moja kuhusu mtu anayenyongwa na nyingine kuhusu ndovu aliyeuawa kwa risasi kwa sababu tu umati ulikuwa unatazama na afisa aliogopa kuchekwa.

Msomaji wa Kenya ana sababu ya kusimama hapa. Polisi wa namna hiyo walikuwako huku pia, miaka hiyo hiyo, chini ya bendera hiyo hiyo. Orwell aliijua dola ya Uingereza kutoka ndani, akiwa amevaa sare yake. Kwa hiyo usiamini anayekuambia kwamba riwaya hii ni shambulio dhidi ya nchi moja tu. Mwandishi alikuwa amewaona watawala wa aina nyingine kabla hajawaandika nguruwe.

Aliporudi alijiona mwenye deni. Alikuwa amesoma kitabu cha Mmarekani Jack London kuhusu mafukara wa mashariki mwa jiji la London, naye akafanya kama London alivyofanya: alivaa matambara, akalala katika nyumba za wasio na makao, akatembea na wazururaji. Mwaka wa 1928 alihamia Paris. Mwaka uliofuata alilazwa katika hospitali ya maskini akiugua nimonia, kisha fedha zikamwishia, akawa anaosha vyombo katika jikoni la hoteli kwa saa nyingi kila siku. Kitabu kuhusu maisha hayo kilitoka Januari 1933. Hakutaka wazazi wake waone haya, hivyo akatafuta lakabu. George ni jina la Kiingereza la kawaida kabisa, na Orwell ni mto wa Suffolk, karibu na mahali wazazi wake walipokuwa wakiishi. Ndivyo jina lililo kwenye nakala yako lilivyopatikana.

Sasa tufike Wallington, kwa sababu ndiko riwaya yako ilikopata wanyama wake.

Wallington ni kijiji kidogo cha Hertfordshire, kaskazini mwa London. Orwell alipangisha nyumba huko mwaka wa 1936. Ilikuwa ndogo, yenye dari fupi kwa mtu mrefu kama yeye, na paa la bati lililopiga kelele mvua iliponyesha. Haikuwa na umeme. Tarehe 9 Juni mwaka huo alimwoa Eileen O'Shaughnessy, mwanamke aliyesomea fasihi ya Kiingereza Oxford na aliyekuwa akisomea saikolojia. Wawili hao walifungua duka dogo sebuleni, wakiwauzia watoto wa kijiji peremende na majirani mahitaji ya nyumbani. Duka halikuwaingizia kitu cha maana. Furaha ilikuwa nje, bustanini. Orwell alipanda viazi, matunda na waridi, waridi zenyewe zikiwa za bei rahisi kutoka dukani Woolworths. Alifuga kuku. Alifuga mbuzi, na mbuzi wake mmoja aliitwa Muriel. Katika riwaya ya Kiingereza, mbuzi anayejua kusoma, yule anayesoma Amri Saba ukutani, anaitwa Muriel vilevile. Karibu na nyumba yake palikuwa na shamba lenye ghala kubwa la mbao, nalo liliitwa Manor Farm. Hilo ndilo jina la shamba la Bwana Jones kabla ya mapinduzi.

Kuanzia mwaka wa 1938 alikuwa na shajara ya mambo ya nyumbani. Humo hutapata siasa nyingi. Utapata hali ya hewa, maua yaliyochanua, maziwa yaliyokamwa, na zaidi ya yote, idadi ya mayai. Yai moja, mayai manne, mayai tisa. Madaktari walipompeleka Marrakesh, Moroko, kwa ajili ya mapafu yake mwaka huo huo, alifuga kuku na mbuzi huko pia, akaendelea kuhesabu. Wakati Ulaya ikiteleza kuingia vitani mwaka wa 1939, hesabu ya mayai haikukoma. Wengine huiona tabia hiyo kuwa ya ajabu. Mimi naona ndiyo inayoieleza riwaya. Mtu anayehesabu mayai kila siku anajua yai ni kazi ya nani. Ndiyo maana katika Sura ya Saba kuku wanapanda juu ya boriti na kuyaangusha mayai yao yavunjike kuliko kuwaachia nguruwe wayauze, na msomaji hacheki.

Tumeruka jambo moja kubwa: Hispania. Mwishoni mwa mwaka wa 1936, miezi michache baada ya harusi, Orwell alikwenda kupigana upande wa jamhuri dhidi ya jeshi la Jenerali Franco. Alijiunga na wanamgambo wa chama kidogo cha wafanyakazi kilichoitwa POUM. Tarehe 20 Mei 1937 risasi ilimpiga shingoni. Ingepita kando kidogo tu asingepona, na sauti yake ilibaki dhaifu tangu siku hiyo. Lakini kilichomuumiza zaidi kilimkuta Barcelona. Wakomunisti waliofuata maagizo ya Moscow walikuwa wamekitangaza chama chake kuwa cha wasaliti. Watu aliolala nao katika mahandaki, waliokuwa mashujaa juzi, walitiwa jela, na wengine hawakutoka wakiwa hai. Magazeti yaliandika mambo ambayo yeye aliyeyaona kwa macho alijua hayakutokea. Yeye na Eileen walitoroka kwa garimoshi hadi Ufaransa mwezi wa Juni. Unapochambua mhusika aliyefukuzwa na mbwa na kisha kusingiziwa kila ovu linalotokea shambani, kumbuka kwamba mwandishi mwenyewe aliwahi kuitwa msaliti na watu waliojua kuwa si kweli.

Wazo la riwaya, alivyoeleza mwenyewe baadaye, lilimjia kijijini. Alimwona mvulana wa miaka kumi hivi akiongoza farasi mkubwa wa mkokoteni kwenye njia nyembamba, akimchapa kila alipotaka kugeuka. Akafikiri: laiti wanyama hawa wangeijua nguvu yao, tusingewaweza. Na tena akafikiri kwamba matajiri huwanyonya maskini kwa njia hiyo hiyo. Aliliweka wazo hilo moyoni miaka kadhaa.

Aliandika riwaya kati ya Novemba 1943 na Februari 1944, jijini London, wakati wa vita. Eileen alikuwa akifanya kazi katika Wizara ya Chakula, paliposhughulikiwa mgao wa vyakula kwa raia. Nyumba yao ilikuwa na baridi, hivyo usiku walijifunika kitandani naye Orwell akamsomea alichokiandika mchana. Asubuhi Eileen aliwasimulia wenzake kazini wanyama walikuwa wamefikia wapi. Marafiki waliowajua wote wawili waliona ucheshi wa Eileen ndani ya kitabu, na hakika hakuna kazi nyingine ya Orwell iliyo nyepesi na safi kama hii.

Wachapishaji wakaikataa, mmoja baada ya mwingine. Urusi ilikuwa mshirika wa Uingereza dhidi ya Hitler na hakuna aliyetaka kumuudhi Stalin. Mshairi T. S. Eliot, aliyekuwa mhariri wa Faber, alikuwa miongoni mwa waliokataa. Mwezi wa Juni 1944 bomu la Wajerumani liliharibu nyumba ya akina Orwell. Wao hawakuwamo. Mswada ulitolewa kwenye kifusi ukiwa umekunjamana, na ndio aliompelekea Eliot. Mwezi huo huo walikuwa wamemchukua mtoto mchanga wa kumlea, Richard.

Tarehe 29 Machi 1945 Eileen alifariki akiwa na miaka 39, akifanyiwa upasuaji huko Newcastle, baada ya kupewa dawa ya usingizi. Mumewe alikuwa ng'ambo, akiripoti habari za vita. Kitabu walichokisoma pamoja kitandani kilitolewa na Secker & Warburg tarehe 17 Agosti 1945. Hakukiona.

Mwaka uliofuata ndio ambao Orwell aliandika zaidi kuhusu starehe za kawaida, na nadhani si bahati tu. Alikuwa mjane mwenye mtoto mdogo, mapafu yake yalikuwa yakiharibika, na ghafla alikuwa maarufu. Mwezi wa Januari 1946 aliandika gazetini kanuni kumi na moja za kutengeneza chai. Majani yawe ya India au Ceylon. Buli lipashwe moto kwanza. Maji yawe yanachemka hasa yanapomiminwa. Chai iwe kali. Chai itangulie kikombeni ndipo maziwa yafuate. Sukari asiiguse mtu. Sisi tunaochemsha maji, maziwa, majani na sukari katika sufuria moja tungemkasirisha sana. Lakini ujue kwamba wakati huo mgao wa majani ya chai ulikuwa wakia mbili kwa wiki, yaani gramu 57 hivi, kwa hiyo kila kikombe kilikuwa kitu cha kufikiriwa.

Mwezi uliofuata alipiga hesabu kujua kama vitabu ni ghali kuliko sigara. Alikuwa na vitabu karibu 900, akagundua kuwa kusoma kunamgharimu kidogo kuliko kuvuta tumbaku. Hakuacha tumbaku, kwa bahati mbaya. Alijisokotea sigara kali hadi mwisho, na kwa mtu mwenye kifua kibovu hilo halikuwa jambo la kuigwa. Mwezi wa Aprili aliandika kuhusu chura anayeamka majira ya baridi yanapokwisha, akasema kwamba raha ya kumtazama chura haitozwi ushuru na hakuna dikteta anayeweza kuizuia. Baadhi ya wasomaji wake wa mrengo wa kushoto walikuwa wakilalamika kwamba maua na ndege ni upuuzi wa mabepari. Yeye alishikilia kwamba tukiua uwezo wa kufurahia vitu hivyo, hatutajua hata tunapigania nini.

Mwaka huo pia aliandika insha yake kuhusu lugha na siasa, akieleza jinsi maneno matamu na yasiyo wazi yanavyoficha maovu. Isome sambamba na hotuba za yule nguruwe msemaji.

Miaka yake ya mwisho aliitumia katika kisiwa cha Jura, Scotland, katika nyumba iliyokuwa mbali na duka, simu na daktari. Alilima, akavua samaki, na akaandika riwaya yake ya mwisho, iliyotoka Juni 1949. Sehemu yake aliichapa kwa taipureta akiwa kitandani. Kifua kikuu kilikuwa kimemshinda. Dawa mpya ya streptomycin ililetwa kutoka Marekani kwa ajili yake, lakini mwili wake uliikataa. Oktoba 1949 alimwoa Sonia Brownell akiwa hospitalini, na kulikuwa na mpango wa kumpeleka Uswisi. Ndoana yake ilikuwa chumbani, tayari kwa safari. Alifariki London tarehe 21 Januari 1950, akiwa na miaka 46, na kuzikwa Sutton Courtenay. Kaburi lake lina jina la Eric Arthur Blair.

Sasa fungua mwisho wa Sura ya Pili, mahali maziwa yanapotoweka, usome hadi nguruwe msemaji anapotoa sababu ya wao kuyanywa. Orwell alimwandikia rafiki yake Mmarekani kwamba hapo ndipo mapinduzi yalipopotea. Andika hoja tatu kuonyesha kama unakubaliana naye, na katika kila hoja utaje ni mnyama gani aliyefanya kazi na ni nani aliyekula.